Kukuza si Kupambanua: Istilahi za Kutazama Nyota Pacha kutoka Midia, Koboko

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unazua swali: je, istilahi tulizonazo zinamwezesha mwanafunzi kueleza kwa usahihi anachokiona? Makala hii inalijadili swali hilo kwa mfano wa Porrima, nyota pacha ya kundi la Mashuke, ikitazamwa kwa darubini ndogo kutoka Midia, wilayani Koboko.

Midia ipo takriban digrii 3.5 kaskazini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, Porrima hupanda hadi kimo cha digrii 85 hivi, karibu na utosi wa mbingu. Katikati ya Februari, msimu wa kiangazi, hufika huko mnamo saa kumi alfajiri. Rijili Kantori, nyota pacha iliyo maarufu zaidi, haivuki digrii 26. Nuru yake hupenya hewa zaidi ya maradufu, na taswira hutetema.

Kwa macho matupu Porrima ni nukta moja. Ili zionekane mbili, mambo mawili yanahitajika. La kwanza ni kupambanua, yaani kutenga nuru mbili zilizokaribiana, na uwezo huo hutegemea kipenyo cha lenzi. Kwa kanuni ya Dawes, 116 ikigawanywa kwa kipenyo cha milimita hutoa nafasi ndogo kabisa inayoweza kutengwa, kwa sekunde za tao. Sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii. Lenzi ya milimita 60 hufikia takriban sekunde 1.9. La pili ni kukuza, kazi ya lenzi ya jicho, ambako huipanua taswira iliyokwisha kupambanuliwa.

Nyota hizi huzungukana kwa miaka 169 hivi. Mwaka 2005 zilikuwa chini ya nusu sekunde ya tao, na hata darubini ya milimita 200 haikuweza kuzitenga kikamilifu, hata ingekuza vipi. Leo zimeachana kwa zaidi ya sekunde 3, na ile ya milimita 60, ikikuza mara 100 hivi, inatosha.

Maneno kama “darubini kubwa” au “darubini yenye nguvu” huficha tofauti hiyo. Mwalimu anayeyafuata atanunua ukuzaji akidhani amenunua upambanuzi. Kwa mwanafunzi wa Koboko ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikakwa au Kilugbara, istilahi ya Kiswahili ndiyo itakayoijenga dhana au kuivuruga.

Inapendekezwa, basi, kwamba kamati za istilahi zitenganishe rasmi kukuza na kupambanua, na kwamba kila istilahi ya sayansi ijaribiwe kwanza katika kitendo kabla ya kuingizwa kitabuni.