Mafuta mepesi mu motere ya zamani: angalia namba ya pili

Siku hizi ku maduka ya pyesi ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, bidoni zilizoandikwa 0W-20 na 5W-30 ziko mingi. Zilifuata gari ndogo za Japani, zile IST na Vitz tunazoona kila barabara, juu motere za gari hizi zilitengenezwa kwa kutumia mafuta mepesi. Pale hakuna shida. Shida inaanza wakati mafuta ile inamwangwa mu Hiace ya mazutu ya mwaka 1994, mu pompi ya maji ya karieri, ao mu kompresere inayopeleka pumzi chini ya shimo. Muuzaji anasema ni sentetiki, ni ya kisasa, haiwezi kuharibu kitu. Mwenye motere anaamini, juu bei pia inasema vile.

Kwa familia mingi za wachimbaji, motere njo benki. Kreseri akipata mzigo muzuri, franga haikaake mu nyumba. Mama anasukuma inunuliwe taksi-busi, ao moto ya wewa, ao grupe ya kuchaji simu za jirani siku umeme imekatika. Motere ikikufa, minervali ya watoto inakufa nayo, na unga ya mwezi pia. Mu shimo hasara ni kubwa kupita franga. Pale pumzi inashukaka kwa tiyo kutoka kompresere, motere ikishika ghafula, watu walio chini wanabaki na pumzi ile iliyokuwa mu galeri, basi. Na wakati wa mvula, pompi ikisimama usiku, maji haingojake asubuhi.

Tuanze na namba zenyewe, juu watu wengi wanazisoma vibaya.

Ku bidoni kumeandikwa 15W-40, ao 5W-30, ao 20W-50. Namba hizi zilitoka Marekani, kwa chama ya mainjenia ya magari inayoitwa SAE, iliyoanza mwaka 1905 na kuanza kupanga mafuta kwa uzito mwaka 1911. Ile W ni ya baridi. Namba inayokuja mbele yake inasema mafuta inatembea namna gani asubuhi motere ikiwa baridi: namba ikiwa kidogo, mafuta inapanda haraka. Namba inayokuja kisha W inasema mafuta inabaki nzito namna gani motere ikiwa moto. Wanapima kwa digri 100. Mafuta ya 20 inapaswa kuwa kati ya 6.9 na 9.3, ya 30 kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3. Kipimo chenyewe kinaitwa sentistoki, lakini jina si kitu. Kitu ni kujua kwamba kutoka 40 kushuka mpaka 20 ni kupoteza karibu nusu ya uzito.

Sasa, mutu anaona 5W-40 na anaikataa kwa motere yake ya zamani, anasema ile 5 ni maji. Hapana. Motere ikiwa moto, 5W-40 iko mu daraja moja na 15W-40. Asubuhi ya mwezi wa saba ku Kolwezi, pale juu zaidi ya metre 1,400, baridi inauma mikono na mafuta ya 20W-50 inakuwa kama asali; ile 5W inafika haraka juu ya kulasi na inasaidia. Kushusha namba ya kwanza hakuumize motere ya zamani. Kushusha namba ya pili njo kunaumiza. Mutu akikumbuka paka hiyo ku duka, inatosha.

Juu ya nini inaumiza? Ndani ya motere, vilebreken haikaake chuma juu ya chuma. Inazunguka juu ya kusine, na kati yao mafuta inafanya ukuta mwembamba kupita unywele. Ukuta ule njo unabeba nguvu yote ya pistoni. Motere ya kisasa ilipangwa tangu ku kiwanda kwa ukuta mwembamba: nafasi zake, pompi yake ya mafuta, kusine zake, yote ilihesabiwa kwa mafuta ya 20. Motere ya zamani ilihesabiwa kwa 40 ao 50. Kisha imetembea miaka 20 ao 30 mu vumbi yetu nyekundu, na vumbi ile ni mchanga unaokula chuma kila mara filtere ya pumzi imetoboka. Nafasi zimepanuka. Mafuta mepesi inapita mu nafasi zile kama maji mu kikapo, presyo inashuka, na ukuta unavunjika pale mzigo ni mkubwa.

SAE ina kipimo kingine, ngumu zaidi: wanapasha mafuta mpaka digri 150 na kuisugua sana, kama vile inasuguliwa ndani ya kusine. Pale 15W-40 inapaswa kubaki na 3.7 ao zaidi. 5W-30 inaruhusiwa kushuka mpaka 2.9, na 0W-20 mpaka 2.6. Taksi-busi iliyojaa watu 18 na mizigo juu, inapanda mlima mu jua ya mwezi wa kumi, inafika karibu na joto ile mu kusine zake. Grupe inayobeba mzigo wake wote saa nane mfululizo pia.

Motere haikufake siku ile ile, na hiyo njo inadanganya watu. Juma ya kwanza inasikilika laini, shofere anafurahi. Kisha joji inaonyesha mafuta imepunguka, juu mafuta mepesi inapita kando ya segma na inachomeka. Moshi wa buluu unatoka asubuhi. Kisha taa nyekundu ya mafuta inaanza kupepesa wakati gari imesimama na motere iko moto. Wengi wanasema ni waya ya taa. Wengine, tunajua, wanakata waya yenyewe. Kisha kunakuja ile sauti ya kugonga chini, tok-tok-tok, na wakati ule bieli imekwisha kula kusine. Mekanisie hana tena dawa, paka kufungua.

Mutu atauliza: kama mafuta mepesi ni mbaya vile, juu ya nini viwanda vikubwa viliichagua? Walitafuta kupunguza esansi. Mafuta mepesi inazunguka bila nguvu mingi, na gari inakunywa pungufu kidogo, pasenti moja ao mbili hivi. Kwa kiwanda kinachouza gari milioni, na serikali inayohesabu moshi, hiyo ni kitu kikubwa. Kwa Hiace moja ya Kolwezi haifike bei ya kusine.

Na wenye kutengeneza mafuta wenyewe walisema wazi. Mwezi wa 12 wa mwaka 2016, API ya Marekani ilileta daraja mbili za mafuta ya motere ya mazutu kwa siku moja: CK-4 na FA-4. CK-4 inaweza kuingia mu motere za zamani. FA-4 ni ile nyepesi, ilifanywa kwa kamyo mpya, na API inasema haiwezi kushika nafasi ya mafuta ya motere za mbele. Wenye kamyo za zamani zinazobeba mzigo ku Kasumbalesa, angalia herufi hizi nyuma ya bidoni. Mukiona FA-4 na kitabu cha kamyo hakiitaji, iache ku duka, hata kama bei imeshuka.

Mu karieri, motere zinazosahauliwa kabisa ni zile ndogo za esansi, Honda GX160 na ndugu zake za China zinazoiga. Zinafanya kazi kupita zote na zinapata matunzo kidogo kupita zote. GX160 inabeba karibu lita 0.6 tu ya mafuta, ni kama chupa ya bia. Haina filtere ya mafuta, haina pompi ya mafuta: kuna kijiko kidogo ku bieli kinachopiga mafuta na kuirusha juu. Haina radiatere, inapozwa na upepo peke yake. Kitabu cha Honda kinasema 10W-30, kubadilisha kisha saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100 ao miezi 6. Hesabu mwenyewe: pompi inayozunguka saa 12 kwa siku inamaliza saa 100 mu siku 8 na kidogo. Ni nani anabadilisha kila siku 8? Na mafuta iliyozeeka mu motere ya vile imekwisha kupoteza uzito, tena esansi imeingia ndani na kuilainisha zaidi. Ukianza na 0W-20, mwisho wa juma uko na kitu ambacho si mafuta tena.

Jambo lingine la motere hizi: zinapaswa kukaa sawasawa. Ukiiweka ku mteremko wa karieri, mafuta yote inaenda upande moja na kijiko kinapiga hewa. Zingine ziko na kifaa kinachozima motere mafuta ikipunguka, zingine hazina. Weka mbao chini, pima kwa macho, kisha washa.

Kwa wewa, shida ni ingine kidogo. Moto mingi ambreyaje yake inaoga mu mafuta ile ile ya motere. Mafuta mepesi ya gari ndogo mara mingi imetiwa dawa ya kutelezesha ili gari isikunywe sana. Dawa ile ikifika ku ambreyaje, inateleza: unaongeza gazi, motere inalia, moto haitembei, zaidi ku mlima na abiria wawili. Mutu anabadilisha diski za ambreyaje mara mbili bila kujua kwamba kosa iko mu bidoni. Tafuta bidoni iliyoandikwa JASO MA, ni Wajapani walioweka alama ile kwa moto, na namba ya uzito iwe ile ya kitabu.

Wengine wanakimbilia upande mwingine, na hapa mafundi wetu watanisikia. Motere ikitoa moshi, wanatia 20W-50 hata mu IST, juu moshi unapunguka. Lakini motere ile iko na njia nyembamba sana za mafuta, na ile VVT-i yake inasukumwa na mafuta yenyewe. Kwa baridi ya asubuhi mafuta nzito inachelewa kufika, na kila kuchelewa kunakula chuma. Moshi umefichwa, haujapona. Mu vitabu vya Toyota za zamani mara mingi kuna tabulo moja inayoonyesha joto ya inchi na mafuta inayofaa. Kwa motere za mazutu za wakati ule, inchi ya joto kama yetu inaanguka kwa 15W-40 ao 20W-50. Kama kitabu kilipotea, mekanisie aliyefungua motere za aina ile anaijua tabulo kwa kichwa.

Na kama bidoni ile nyepesi imekwisha kuingia? Hapana kuogopa kupita kipimo. Kama uko njiani, joji inaonyesha chini na hakuna mafuta ingine, lita moja ya 5W-30 juu ya 15W-40 ni bora kupita kutembea na karter kavu. Mafuta za motere zinachanganyika bila kugombana. Kama motere yote imejazwa na 0W-20 na haijaanza kugonga, imwange ikiwa bado moto, badilisha filtere, tia ile ya kitabu. Hapana kuiosha kwa mazutu kama vile wengi wanafanyaka. Mazutu haitoke yote, inabaki mu mapito na inalainisha mafuta mpya siku ile ile. Mafuta ya zamani mama anaweza kuipaka ku mbao za lupango juu ya mchwa, lakini watoto wasiiguse, na isimwangwe karibu na kisima.

Kwa kompresere ya shimo, kazi ya mafuta ifanywe wakati hakuna mutu chini, si wakati wa kupokezana. Kisha kubadilisha, motere izunguke nusu saa na mzigo wake, mpaka iwe moto kabisa. Mutu moja aangalie presyo kama kuna saa yake, ao taa; aguse tiyo kama pumzi inatoka kwa nguvu; aangalie moshi unaenda upande gani, juu moshi ya motere ukivutwa na mdomo wa kompresere unashuka pamoja na pumzi, na ile sumu yake haina harufu. Azime, angoje dakika tano, avute joji. Kama mafuta iko kati ya alama mbili na haijapunguka, wa kwanza anaweza kushika kamba.