Punje za Kahawa Katika Bao

Mwanafunzi wa Arusha hana haja ya kwenda mbali kutafuta namba kubwa. Achukue bao lenye mashimo 32 na kikapu cha kahawa iliyokobolewa, kutoka miteremko ya Mlima Meru. Katika shimo la kwanza atie punje 1, katika la pili 2, katika la tatu 4, kila shimo likipata mara mbili ya lililotangulia. Safu ya kwanza, yenye mashimo manane, itachukua punje 255 tu, naye atadhani kazi ni nyepesi. Lakini shimo la mwisho peke yake ladai punje 2,147,483,648, na bao zima 4,294,967,295. Tukikadiria kwamba punje kumi zina uzito wa gramu moja na nusu, hizo ni zaidi ya tani 640.

Wengi huishia hapo, wakistaajabia ukubwa. Kwangu mimi ukubwa ni sifa hafifu ya namba. Afadhali tuulize namba hiyo imejengwaje. Namba yetu ni 2³² − 1. Ajuaye kwamba a² − b² = (a + b)(a − b) aweza kuipasua bila mashine yoyote: kwanza (2¹⁶ + 1)(2¹⁶ − 1), kisha aipasue sehemu ya pili vivyo hivyo, hata apate

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537.

Zote tano ni namba tasa. Tena zina mpango: ukitoa 1 katika kila moja, wapata 2, 4, 16, 256 na 65,536, kila moja ikiwa mraba wa iliyotangulia. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hisabati, aliamini kwamba mpango huo hutoa namba tasa daima. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297: punje zote za bao letu na mbili za nyongeza.

Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba namba hii yagawanyika kwa 641. Tusikubali kwa kuambiwa tu. Angalia kwamba 641 ni 640 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sasa 640⁴ − 1 ina kigawo 641, kwa kuwa ni sawa na (640² + 1)(640 + 1)(640 − 1). Aidha 640 ni 5 × 2⁷, hivyo 640⁴ ni 5⁴ × 2²⁸. Basi 640⁴ + 2³² ni 2²⁸(5⁴ + 2⁴), nayo pia ina kigawo 641. Toa ile ya kwanza katika hii ya pili: 640⁴ yatoweka, yabaki 2³² + 1. Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni namba tasa.

Niliwahi kuulizwa darasani: ikiwa mifano mitano yote ilikubali, Fermat alikosa nini? Alikosa uthibitisho, na katika barua zake za mwaka ule ule alikiri kwamba hakuwa nao. Tangu Euler, namba nyingi za mpango huo zimechunguzwa, na kila iliyopatiwa jibu imegawanyika. Namba tasa ya sita haijaonekana, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.