Jiografia si somo la kukariri majina ya milima

Majuzi nilialikwa, kwa cheo cha mzazi wala si cha mhadhiri, katika shule anakosoma binti yangu. Ilikuwa siku ya wazazi kuelezwa masomo ambayo watoto wao wangeyachagua. Katika darasa la Jiografia tulikuwa wachache mno. Wengi walikuwa wamejazana katika maabara ya Kemia na chumba cha kompyuta. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliuliza bila ya kupindapinda maneno: "Mwalimu, mwanangu akishajua kwamba Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, atakula nini?"

Swali hilo lilistahili jibu, maana ndiyo fikra ya wengi wetu. Sisi tuliosoma zamani tulikaririshwa milima, mito na miji mikuu, tukaimimina siku ya mtihani, na mambo yakaishia hapo. Katika mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, Jiografia ni somo la kuchagua katika shule ya sekondari ya juu. Neno moja la kejeli kutoka kwa mzazi wakati wa chakula cha jioni latosha kumfanya mtoto aliache.

Mwalimu hakubishana. Alitandaza mezani ramani ya eneo letu ya kipimo cha 1:50,000, akatueleza kwamba sentimita 2 za karatasi ile ni kilomita 1 ya ardhi. Kisha akawataka wanafunzi watufundishe sisi wazazi. Kijana mmoja akatuonyesha mistari ya kontua, ambayo kila mmoja huunganisha mahali penye kimo sawa kutoka usawa wa bahari. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare. Ikipinda mfano wa herufi V, ncha ikielekea juu mlimani, hapo pana bonde, na maji ya mvua yatapita papo hapo, mto uwepo au usiwepo.

Ndipo binti yangu alipoweka kidole juu ya ramani. "Baba, hapa ndipo kwetu." Kidole kilikuwa kimetua juu ya alama za buluu zinazoonyesha kinamasi.

Naungama mbele ya wasomaji. Kiwanja kile nilikinunua mwezi wa Januari, udongo ukiwa umekauka na kupasuka. Aliyeniuzia aliapa kwamba maji hayajapata kufika pale, nami nikamwamini. La kuaibisha zaidi ni kuwa jina la mahali hapo, katika lugha ya wenyeji, lina maana ya kinamasi. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nililijua jina hilo. Niliwahi hata kuwachambulia rafiki zangu mzizi wake na viambishi vyake, tukinywa chai katika sebule ya nyumba hiyo hiyo. Masika ya kwanza yalipofika, maji yaliingia bila ya kubisha hodi. Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo; nami nilikuwa nimejenga mkondoni.

Siko peke yangu. Jina la jiji letu kuu limetokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Waliopaita hivyo walikuwa wakieleza walichokiona. Mvua za masika za mwaka 2024 zilipowaua watu zaidi ya 200 kote nchini, na mitaa ya jiji hilo kugeuka mito, wengi wetu tulishangaa. Simlaumu aliyefiwa, kwani maskini hujenga anapopata, wala si anapopenda. Hata hivyo, taifa ambalo watu wake hawawezi kuisoma ramani ni rahisi kuuziwa mto likiambiwa ni kiwanja.

Ikumbukwe pia kwamba mwanafunzi haingii katika darasa hili mikono mitupu. Neno "kaskazini" limetokana na kaskazi, upepo uvumao kutoka upande huo takriban kati ya Desemba na Machi. Na "kusini" limetokana na kusi, upepo unaofuata baadaye. Kaskazi ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Waarabu na Wahindi katika pwani yetu, na kusi ikayarejesha kwao. Anayetamka maneno hayo tayari amebeba mlango mzima wa kitabu cha Jiografia. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwa nini pepo hizo hugeuka, na kazi ya mzazi ni kutomwambia kwamba ujuzi huo hauna faida.

Kwa hivyo, wazazi wenzangu, mtoto akileta barua ya ziara ya nyanjani, msiidhanie kuwa ni barua ya matembezi. Huko ndiko anakopima mteremko kwa miguu yake. Akiomba kopo tupu la kutengenezea kipimamvua, mpeni. Akienda kwa babu na bibi wakati wa likizo, mwambieni awaulize majina ya vijito na vilima vya huko na sababu ya kuitwa hivyo. Nanyi walimu, ramani hizo zitoeni kabatini kabla ya wiki ya mtihani.

Mama yule naye alijibiwa. Mwalimu alimwambia kwamba wapo wapimaji wa ardhi, wataalamu wa hali ya hewa na wapangaji wa miji waliopata riziki kwa somo hili. "Lakini hata asipoajiriwa, mama, atajua pa kuchimba kisima na pasipofaa kujenga." Mama hakusema neno. Aliinuka, akavaa miwani yake, akaiinamia ramani na kumwomba binti yangu amsaidie kulitafuta shamba lake.