Siku ya Mwaka: Karamu ya Mavuno Isiyofuata Mwezi

Mahindi ya masika yanapovunwa, kati ya Julai na Agosti, ndio wakati ambapo miji ya Waswahili ya mwambao imekuwa ikisherehekea Siku ya Mwaka, au Nairuzi. Jina hili la pili lina asili ya Uajemi na maana yake ni "siku mpya". Waajemi wenyewe huisherehekea mwezi Machi. Huku mwambao imefikia katikati ya mwaka kwa sababu ya hesabu.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao una siku 354 au 355. Ndiyo maana Idd hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka. Hesabu hiyo inatosha kwa ibada, lakini haimwambii mkulima apande lini. Kwa hivyo wakulima na mabaharia walishika mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa katika makumi 36, kila kumi likiitwa mwongo, na siku 5 za kumalizia. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, na nahodha mwongo wa kusi. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza kama Februari 29, Nairuzi hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4.

Masimulizi ya karne ya 19 yanaeleza kuwa watu waliamka alfajiri kuoga baharini. Moto wa kila nyumba ulizimwa, ukawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Kisha nafaka na kunde zilipikwa pamoja, na adhuhuri akala yeyote aliyefika. Chungu hicho ndicho kiini cha karamu: aliyeharibikiwa na shamba alikula sawa na aliyevuna, jambo ambalo wakazi wa Ganze na Magarini, wanaoujua ukame, wataelewa bila kuelezwa.

Makanisani nako Sikukuu ya Mavuno huleta mahindi, nazi na kuku madhabahuni, kisha mnada.

Makunduchi, Unguja, bado husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Mahali pengi kwingine desturi imefifia, na wanaojua kuhesabu miongo ni wazee wachache. Familia yenye mzee wa aina hiyo imuulize msimu huu: alipokuwa kijana, mvua ilianza mwongo gani, na mbegu iliingia ardhini lini? Majibu yaandikwe pamoja na jina la kijiji.