Je, Mmea Huwarithisha Watoto Wake Kinga ya Maradhi?

Mkulima wa Burundi awekaye akiba ya mbegu za maharagwe, na jirani yake akataye pingili za muhogo, wote wawili wanategemea urithi. Swali linalowashughulisha wataalamu ni hili: mmea uliopambana na ugonjwa ukasalimika, je, huwaachia watoto wake chochote kutokana na vita hivyo?

Mwaka 2012 watafiti wa Ulaya walitoa jibu kwa kutumia gugu dogo liitwalo Arabidopsis. Mimea iliyoshambuliwa na bakteria ilizaa watoto waliostahimili vema zaidi ugonjwa wa ukungu, na kinga hiyo ilionekana hata baada ya kizazi kimoja kuishi kwa amani. Inaelezwa kwamba maandishi ya jeni hayakubadilika. Kilichobadilika ni alama za kikemia zilizobandikwa juu yake, ziamuruzo jeni ipi iamke na ipi ilale. Elimu hiyo ndiyo epijenetiki. Lakini watoto hao hao walidhurika zaidi walipovamiwa na kuvu wa aina nyingine. Anayejihami mbele huacha ubavu wazi. Sisi tuliofunzwa vita hatukushangaa.

Hapa Bujumbura, ambako ugali wa muhogo na sombe havikosekani mezani, jambo hili si mchezo wa maabara. Batobato kali ya muhogo ilizuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaenea kwa nzi weupe na kwa pingili zenye virusi hata ikaingia Burundi mwanzoni mwa karne hii. Ngao iliyotegemewa ni kinga iitwayo CMD2, iliyogunduliwa katika mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi. Mwaka 2016 ikatangazwa habari ya kutisha: mihogo ya aina hiyo, ikioteshwa upya maabara kutokana na chembechembe zake, hupoteza kinga. Ilidhaniwa kwamba alama za epijenetiki zimefutika. Wataalamu walizipekua alama hizo katika jenomu nzima wasione kitu. Mwaka 2022 wakaonyesha kwamba siri imo katika herufi moja tu ya jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA. Dhana nzuri ilishindwa na ushahidi, na hiyo ndiyo heshima ya sayansi.

Kwa hiyo asitokee mtu akawashauri wakulima wetu kuchukua mbegu katika shamba gonjwa kwa tamaa ya kinga. Chule ya maharagwe husafiri ndani ya mbegu, na virusi vya batobato ndani ya pingili. Mbaya zaidi ni michirizi ya kahawia, iliyoripotiwa nchini Burundi mwaka 2011: huozesha muhogo ardhini huku majani mara nyingi yakionekana kama mazima, na mwenye shamba hugundua siku ya kuvuna.