Kola ya kuvuliwa

Kola ya kuvuliwa (pia: ukosi wa kuvuliwa) ni kola ya shati inayotengenezwa peke yake na kufungwa kwenye shati lisilo na kola kwa vifungo viwili, kimoja mbele chini ya koo na kingine nyuma ya shingo. Ilienea Marekani na Ulaya katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Lengo lake la kwanza lilikuwa kupunguza ufuaji wa nguo nyumbani.

Sababu ya kubuniwa

Shati huchafuka kwanza shingoni na kwenye ncha za mikono, mahali panaposuguana na ngozi yenye jasho. Sehemu nyingine huweza kukaa safi siku kadhaa, hasa zikifunikwa na kizibao na koti. Kabla ya mashine za kufulia, shati jeupe lilihitaji maji ya kuteka na kuchemsha, kuloweka, kusugua kwa sabuni, kusuuza, kutia wanga, kuanika na kupiga pasi ya chuma iliyopashwa moto jikoni. Kazi hiyo ilimwangukia mke au binti, na ufuaji wa familia ulimaliza siku nzima. Shati zima lilipitishwa katika hayo yote kwa sababu ya ukanda wa kitambaa wenye upana wa vidole vichache. Ukanda huo ukivuliwa, beseni dogo linatosha.

Historia

Masimulizi ya mji wa Troy, katika jimbo la New York, yanamtaja Hannah Lord Montague kuwa mbunifu wake. Husemwa kwamba mwaka 1827, akiwa amechoka kufua mashati ya mumewe Orlando ambayo yalikuwa machafu kolani tu, alizikata kola, akazifua peke yake, kisha akazifunga tena. Ebenezer Brown, mchungaji mstaafu wa Kimethodisti aliyekuwa na duka mjini humo, aliona faida na kuanza kuziuza. Baadaye vilifunguliwa viwanda vingi, hata Troy ikaitwa "Mji wa Kola".

Masimulizi mengi huishia hapo, ingawa sehemu ya kazi ilikuwa imehama tu. Kola mpya ilibidi ifuliwe, itiwe wanga na kupigwa pasi kabla ya kuuzwa, na hayo yalifanywa na wanawake wa Troy, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, katika madobi makubwa yenye joto kali. Walifanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, wakiungua kwa pasi na kwa dawa za kung'arisha nguo. Mwezi Februari 1864 mmoja wao, Kate Mullany, aliongoza kuundwa kwa chama cha wafuaji wa kola. Wanawake wapatao 300 waligoma, na kabla ya wiki kwisha waajiri walikubali kuongeza mishahara kwa asilimia 25. Mgomo mwingine wa mwaka 1869 ulishindwa, na chama kikavunjika muda mfupi baadaye.

Wakati huo kola za karatasi, zilizovaliwa na kutupwa, zilikuwa tayari zimeingia sokoni. Zikafuata za seluloidi, ambazo hazikufuliwa kabisa: zilipanguswa kwa kitambaa chenye maji. Kasoro yake kubwa ni kwamba seluloidi hushika moto upesi.

Kupungua kwa matumizi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanaume wengi waliozoea shati laini la jeshi hawakutaka tena kola ngumu inayobana shingo. Tatizo lilikuwa kwamba kola iliyoshonwa moja kwa moja kwenye shati ilisinyaa ilipofuliwa, ikabana vilevile. Sanford Cluett, wa kampuni ya Cluett, Peabody & Co. iliyotengeneza kola Troy, alibuni njia ya kusinyaza kitambaa kiwandani kabla ya kushonwa. Mashati yenye kola ya kudumu yakashika soko katika miaka ya 1930.

Leo kola ya kuvuliwa hutumiwa na baadhi ya mawakili wa Uingereza wanapokuwa mahakamani, na katika mavazi rasmi ya jioni. Inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni kola nyeupe ya makasisi na wachungaji, ambayo siku hizi mara nyingi ni ya plastiki na husafishwa kwa kupanguswa.