Kualika Wageni Uwanjani Wakati wa Kipupwe

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limechapwa hapa ili mpate kulisoma pamoja.

Kaeni vizuri. Walio nyuma na wasogee mbele, na mwenye miwani aivae. Somo letu la leo ni juu ya jambo la furaha. Tutajifunza namna ya kualika wageni kula chakula cha jioni nje, uwanjani, wakati wa kipupwe. Lakini ndani ya furaha hiyo imo hatari moja. Hatari hiyo imekwisha kuua watu waliokwenda kulala wazima, wakakutwa asubuhi wamekufa. Tutaifikia mwishoni mwa somo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiache kusoma katikati.

Tutatwaa mfano wa Njombe, kusini mwa Tanzania. Mji wa Njombe uko juu sana, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua kubwa zikiisha, huja miezi ya baridi: Juni, Julai na Agosti. Usiku joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Kule Kitulo, ambako ni juu zaidi, umande huweza kuganda ukawa mweupe juu ya majani.

Basi, kwa nini mtu aalike wageni nje katika baridi kama hiyo? Kwa sababu miezi hiyo ndiyo miezi ya mavuno. Tuseme majirani wamekusaidia kuvuna mahindi yako. Wamefanya kazi siku mbili, nawe wataka kuwashukuru. Wageni ni 12, na nyumba yako ina chumba kimoja cha kukaa. Hawaenei. Lakini uwanja wako waenea watu wote. Ukijua kazi yako, watakaa kwa raha, watakula, nao watarudi kwao salama.

1. CHAGUA MAHALI NA SAA

Mchana jua hupasha ardhi moto. Usiku ardhi hutoa joto lake, nalo huenda juu. Mawingu yakiwapo, hurudisha sehemu ya joto hilo chini, mfano wa blanketi. Pasipo mawingu, joto hupotea. Ndiyo maana usiku wenye nyota nyingi huwa usiku wa baridi kali.

Tena, hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya moto. Huteremka mlimani polepole kama maji, ikatuama bondeni. Labda umekwisha kuliona jambo hili wewe mwenyewe. Ukishuka mtoni jioni, ghafula miguu huhisi baridi. Kwa hiyo usiwaketishe wageni bondeni, hata kama pana majani mazuri. Wala usiwaweke juu kabisa mlimani, maana huko upepo utawapiga. Mahali pafaapo ni ubavuni mwa mlima, penye ukuta au ua wa kuzuia upepo.

Sasa saa. Njombe mwezi wa Julai jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni. Waambie wageni waje saa 11. Chakula na kiwe tayari saa 12, wakati bado kuna mwanga. Hivyo kila mtu ataona anachokula, na mwenye safari ndefu ataweza kuondoka mapema.

2. WASHA MOTO KWA AKILI

Wazee walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Kinga ni kipande cha ukuni kinachowaka. Kimoja peke yake huzimika. Viwili vikikutana huwaka. Methali hii hufundisha ushirikiano, lakini pia ni kweli kama ilivyo. Usione haya kumwomba kila jirani aje na ukuni mmoja mkavu. Ukuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, kwa sababu moto hutumia nguvu zake kukausha maji yaliyomo.

Washa moto mbali na nyumba, si chini ya hatua 10, na mbali zaidi kama paa ni la nyasi. Fyeka majani makavu pande zote. Usizungushie moto mawe yaliyotoka mtoni. Mawe hayo huweza kuwa na maji ndani yake, na maji hayo yakipata moto jiwe hupasuka kwa kishindo. Usimwagie moto mafuta ya taa wala petroli, hata kama umekataa kuwaka. Weka ndoo ya maji karibu.

Ardhi ya baridi huvuta joto la mwili. Tandika magunia makavu kwanza, kisha mikeka juu yake. Wazee wapewe viti au benchi, upande usio na moshi. Uso na miguu hupata joto la moto, lakini mgongo hubaki na baridi. Kwa hiyo mfunike mzee blanketi mabegani. Akina mama wafunge khanga zao vizuri, ncha zisining'inie karibu na moto. Watoto wasikimbie kati ya moto na wageni.

3. PIKA CHAKULA KINACHOKAA NA JOTO

Katika baridi, sahani ya wali hupoa kabla hujamaliza kusalimu watu. Lakini maharage, supu na viazi hukaa na joto kwa muda mrefu, hasa sufuria ikifunikwa. Kwa watu wazima 12, andaa hivi:

Unga wa ugali, kilo 2 na nusu.
Maharage makavu, kilo 1 na nusu.
Viazi mviringo, kilo 3.
Kabichi kubwa 2.
Vitunguu, nyanya, chumvi na mafuta.
Tangawizi, majani ya chai na sukari.

Loweka maharage usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi mwaga maji hayo, tia maji mengine, uyachemshe kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Maharage, hasa yale mekundu, yasipoiva vizuri huumiza tumbo. Ugali upike mwisho, wageni wakiwa wamekwisha kufika. Pakua kidogo kidogo, kisha uongeze. Hivyo hakuna atakayekula chakula cha baridi.

Kabla ya kula, wageni wanawe. Desturi yetu ya kumnawisha mgeni ni nzuri. Lakini wote wasitie mikono katika bakuli moja, maana uchafu wa wa kwanza huwafikia wa mwisho. Mtoto ashike jagi la maji ya uvuguvugu, amwagie kila mtu juu ya beseni, tena kwa sabuni. Aanze na wazee. Aseme, "Shikamoo, babu. Karibu unawe." Naye mzee ataitikia, "Marahaba, mjukuu wangu."

Chakula kilichopikwa kisikae kimepoa zaidi ya saa 2. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Vijidudu huzaana upesi katika chakula cha uvuguvugu. Huwezi kuviona, na mara nyingi chakula hakinuki. Kinachobaki kikihifadhiwa mahali pa baridi usiku, kesho yake kichemshwe tena mpaka kitoe mvuke, siyo kupashwa kidogo tu.

4. WEKA TAA

Giza likiingia, moto peke yake hautoshi. Tundika taa njiani, mahali watu wanapopita, na nyingine karibu na chakula. Taa ya chemli yafaa. Taa ya sola yafaa zaidi, kwa sababu haina moto wala mafuta. Iweke juani tangu asubuhi. Taa ya mafuta usiiweke chini ambapo mtoto ataipiga teke.

5. MOTO UBAKI NJE

Sasa tumefika penye jambo kubwa la somo hili. Soma polepole. Ukimaliza, usome mara ya pili.

Tuseme karamu imekwisha. Majirani wa karibu wamekwenda zao. Lakini shangazi yako na wanawe wawili wametoka mbali, nao watalala kwako. Shangazi anasema, "Mwanangu, chumba kile kina baridi." Wewe watazama jiko la mkaa. Makaa yake ni mekundu, mazuri, hayana moshi hata kidogo. Unajiambia, "Nitawaingizia jiko hili chumbani, nifunge mlango na dirisha, wapate joto." Unafanya hivyo kwa upendo.

Ndugu msomaji, usifanye hivyo kamwe.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu. Jina lake ni kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Moshi hukukohoza, nawe hutoka nje. Lakini hewa hii haikuonyi. Makaa yasiyo na moshi huitoa pia, hata yakiwa yamefunikwa na majivu.

Hufanyaje kazi? Damu yetu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa inayotuweka hai. Lakini kaboni monoksidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiingia, hukaa mahali pa oksijeni na haiondoki upesi. Mtu huendelea kuvuta pumzi, kumbe mwili unakosa oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, miguu huwa dhaifu. Aliyelala haoni dalili hizo. Huweza kufa bila kuamka.

Kwa nini basi moto ule ule haukuwadhuru wageni uwanjani? Kwa sababu nje hewa ni nyingi nayo hupita, ikaichukua sumu. Chumbani sumu hujikusanya. Na angalia: turubai lililofungwa pande zote ni sawasawa na chumba. Ukifunga turubai kwa ajili ya upepo, acha pande mbili wazi, wala usitie jiko ndani.

Wako wasemao kwamba ukiweka sufuria ya maji juu ya jiko, maji yatanywa sumu. Si kweli. Maji hayaondoi hewa hii. Wengine husema, "Nitaacha mlango wazi kidogo." Usitegemee hilo. Nawe huenda umesema, "Sisi tumefanya hivi miaka mingi, wala hatukufa." Labda nyumba yako ya zamani ilikuwa na nyufa na paa la nyasi, hewa ikapita. Nyumba ya leo ina saruji, bati na madirisha ya kioo. Haipitishi hewa kama ile.

Utafanyaje basi ili shangazi asilale na baridi? Mchemshie maji, aoshe miguu kwa maji ya moto kabla ya kulala, aikaushe vizuri, avae soksi. Mpe kikombe cha chai ya tangawizi. Tandika gunia au mkeka chini ya godoro, maana baridi nyingine hutoka chini. Mpe blanketi mbili, na watoto walale pamoja naye. Joto la watu watatu kitandani si dogo.

Ukikuta watu wamelala chumbani penye jiko nao hawaamki, fungua mlango na madirisha, uwatoe nje kwenye hewa safi upesi. Wewe mwenyewe usikawie ndani. Piga kelele upate msaada. Wapeleke hospitali, hata kama wameamka na kusema wamepona, kwa sababu huenda wakahitaji kupewa oksijeni.

Mwisho, kabla hujalala, zima moto wa uwanjani. Mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena. Peleka mkono wako karibu. Kama wahisi joto, bado haujazimika. Jiko nalo libaki nje, mbali na mlango na dirisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo tusemavyo. Na mgeni naye apone. Kumlisha mtu vizuri ni nusu ya ukarimu. Nusu ya pili ni kumwona asubuhi akiamka na kusema, "Nimeamka salama."

MASWALI

1. Kwa nini usiku wenye nyota nyingi huwa na baridi kali?
2. Kwa nini tusiwaketishe wageni bondeni?
3. Ukuni mbichi una ubaya gani?
4. Taja dalili tatu za sumu ya makaa.
5. Jirani yako asema sufuria ya maji itaondoa sumu. Utamjibu nini?

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua ya kumwalika jirani. Waweza kufuata mfano huu:

Ndugu jirani,
Salamu nyingi. Nakushukuru kwa kunisaidia kuvuna. Nakualika wewe na watu wa nyumbani kwako tule chakula cha jioni kwangu siku ya Jumamosi, saa 11 jioni. Tutakaa nje. Tafadhali njooni na blanketi, na ukuni mmoja mkavu.
Ni mimi, jirani yako.

Ukimaliza kuandika, msomee barua hiyo mtu mmoja nyumbani asiyejua kusoma. Kisha msomee na sehemu ya 5 ya somo hili. Kwaherini, ndugu wanafunzi.